Pateni za Wanawake Mashujaa

Siku mliponifanyia karamu ya kuniaga mlinilisha keki, mkanipa saa ya ukutani kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa, kisha mkanibana niandike chochote kuhusu miaka yangu karakanani. Mnajua mimi na kalamu hatupatani. Lakini kila mgeni anayeingia humo huniuliza jambo lile lile: kwa nini zile pateni kuukuu za kadi, vielelezo vya kukatia nguo, zenye bapa la rangi nyeupe katikati, bado zinaning'inia ukutani wakati kompyuta inachora pateni mpya kabla chai haijapoa? Nimechoka kulijibu swali hilo nikiwa na pini mdomoni. Nitalijibu hapa, na atakayeuliza tena mpeni karatasi hizi asome.

Ya vyeo na mishahara siyaandiki. Cheo sikuwa nacho, na mshahara mnaujua kwa kuwa ni kama wenu.

Nilifika Toronto mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, katikati ya baridi, na ujuzi mmoja tu wa maana: kushona. Tanga nilikuwa fundi wa magauni ya harusi, na nilijiona fundi kweli. Hapa kazi ya kwanza niliyopata ilikuwa ghalani Rexdale, kupanga maboksi ya sabuni, na kila jioni mgongo wangu ulinitukana. Ndipo jirani yangu wa ghorofani, mama mmoja wa Kireno, aliponiambia kuna karakana mtaa wa Spadina inatafuta mshonaji. Nikaenda na gauni langu mwenyewe nililolishona, nimelivaa chini ya koti, nikitumaini kuna joto la kutosha huko ndani la kuniwezesha kulivua koti.

Karakana ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo la matofali lenye ngazi zisizo na huruma. Mwenyewe alikuwa Carol, aliyeirithi kwa baba yake. Mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti ya upole, aliyevaa nguo nyeusi mwaka mzima kama mfiwa. Hakuniuliza cheti. Alinipa mkono wa gauni niuunganishe na bega, nikauunganisha, akaugeuza ndani nje, akauvuta, akasema, “Kesho, uje na chakula chako.” Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya ajira.

Tulishona nguo za wanawake wanene, hizo tu. Ukuta mzima nyuma ya meza ya kukatia ulijaa pateni za kadi ya kahawia, zimetobolewa na kutundikwa kwenye kulabu, na kila moja iliandikwa kwa wino mweusi neno moja la Kiingereza: stout. Neno hilo nilikuwa nalijua, au nilidhani. Kwetu stout ni bia nyeusi, ile aliyokuwa akiificha mjomba wangu nyuma ya debe la unga akimwambia mkewe ni dawa ya kuongeza damu. Nikajisemea moyoni, Saumu, umetoka kwenye sabuni umeangukia kwenye pombe.

Aliyenitoa ujinga alikuwa mzee Laslo, mkataji, Mungu amrehemu. Alikuwa Mhungaria aliyeikimbia nchi yake akiwa kijana, mwembamba hivi kwamba ungeweza kumpitisha chini ya mlango, na chaki haikumtoka nyuma ya sikio. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza. Jina langu lilimshinda akaniita Samu, nami nikamwacha.

Aliponiona nazikodolea macho zile pateni, alicheka.

“Hata mimi nilidanganyika,” aliniambia. “Nilifika hapa sina neno hata moja. Msimamizi akanionyesha ukuta huu, akasema nitakata hizi. Jioni nikanunua kamusi kuukuu kwenye duka la mitumba, nikalitafuta lile neno. Unajua kamusi iliniambia nini? Jasiri. Mtu asiyerudi nyuma vitani. Chini yake, imara. Chini kabisa ndiyo nene. Mimi huko chini sikufika, usingizi ulinishinda. Basi nikakata nguo nikiamini nawashonea wanawake mashujaa. Nilikuwa nashangaa, Kanada ina jeshi gani hili?”

“Na ulipoujua ukweli?”

“Mteja wa kwanza alipokuja kujaribu gauni, alipanda zile ngazi zote, akafika juu anacheka. Nikasema, kamusi haikukosea.”

Baadaye tulipata mteja, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, mama mwenye subira nyingi, na yeye ndiye aliyemweleza Laslo safari nzima ya neno hilo. Laslo akanisimulia mimi tukiwa tunakata bitana. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa, na hapo mwanzo lilikuwa la mtu mwenye kiburi, atembeaye kifua mbele. Kiburi kikalainika kikawa ushujaa, na askari asiyekimbia akaitwa hivyo. Kisha likateremka kutoka moyoni hadi mwilini, likawa la mtu mwenye nguvu, la fimbo isiyovunjika, la viatu vya kutembelea matopeni. Hata ile bia ya mjomba ilipata jina lake kwa ukali wake. Halafu watu wenye adabu zao walipotaka kusema fulani amenenepa bila kumuudhi, wakaliazima hilo. Lilikuwa neno la heshima! Wenye viwanda wakaliona, wakalibandika kwenye lebo za nguo, na lilipofika kwenye lebo heshima yake ikaisha. Wanawake wakawa wanalikata kwa mkasi kabla hata ya kulivaa gauni.

Nilimwambia Laslo kwamba kwetu bado hatujafika huko. Kwetu ukitoka safari mtu akakuambia umenenepa, amekusifu, na kama hakusema unajiuliza una ugonjwa gani. Alinitazama akasema, “Subiri.” Nilimwona mzee hana adabu. Miaka kumi na kitu baadaye nilirudi Tanga kusalimia, nikamwambia mpwa wangu mlangoni, “Umenawiri, mwanangu, umekuwa bonge la mwanamke,” akaingia chumbani na kufunga mlango. Nilimkumbuka Laslo pale pale, na nilimwomba radhi kimoyomoyo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana wengine wenu mnasoma haya mkiwa na kitambaa mezani.

Kosa la kila fundi mgeni kwenye kazi hii ni kuchukua pateni ya mtu mwembamba na kuitanua pande zote. Linaonekana jambo la akili. Ukitanua kiuno, unatanua na bega, unatanua na shingo, na kwapa linateremka karibu na mbavu. Ukimvisha mtu gauni hilo, akisimama wima na mikono chini, utasema limemkaa. Mwambie achukue kitu rafuni. Gauni zima linapanda naye, upindo unafika magotini, na maskini anaushusha kwa mkono mmoja huku anatazama nani kamwona. “Mifupa hainenepi, Samu,” Laslo alikuwa akisema akinigonga begani kwa rula. “Bega la mtu mnene ni bega la mtu.” Zile pateni za ukutani hazikutanuliwa kutoka kwa mtu yeyote mwembamba. Zilichorwa juu ya miili ya wanawake wanene wenyewe, mmoja mmoja, na kwapa la kila moja limekatwa juu na dogo, kiasi kwamba mkono unaweza kwenda unakotaka na gauni likabaki lilipo.

Jambo la pili ni mkanda wake wa karatasi. Laslo hakuwapima wateja kwa futi. Alichukua ukanda mrefu wa karatasi, akauzungusha mwilini, na kila kipimo akakikatia kijialama kwa ncha ya mkasi: hapa kifua, hapa kiuno, hapa nyonga. Hakuna namba. Mteja hakusikia namba na wala hakuisoma. Akimaliza aliandika jina kwenye mkanda na kuutundika msumarini. Niliwahi kumuuliza ameutoa wapi mtindo huo, akasema kwa fundi aliyemfundisha kwao, na kwamba wanawake waliokuja hapa walikuwa wameshasikia namba za kutosha kwa madaktari.

Jambo la tatu mnalijua, kwa kuwa niliwapigia kelele. Kioo hugeuzwa ukutani mpaka mteja ainue mikono yote miwili juu. Fundi hatazami uso wala kiuno. Anatazama upindo. Ukipanda, fumua.

Hayo yalikuwa maisha yetu, na niliyapenda. Sijawahi kumwona mtu anayependa kazi kama yule mzee. Alikuwa akilipapasa gauni lililokwisha kama mtu anayemuaga mtoto anakwenda shule.

Katikati ya miaka ile kodi ya pango la Spadina ikapanda, tukahamia Rexdale, jengo lisilo na sura karibu na barabara ya Kipling, ambalo ninyi mnalijua. Mimi nilifurahi, basi moja tu kutoka nyumbani. Wakati wa kuhama ndipo Carol aliposema mambo mawili: kompyuta itanunuliwa, na zile kadi zisije na sisi. Hasa alitaka lile neno lisije na sisi. Wateja wapya, alisema, wataingia mpaka ndani na kuliona.

Laslo aliacha mkasi. Alimwambia kwamba neno hilo lilikuwa la mashujaa, kwamba waliolichafua ni wengine, kwamba yeye amelilinda ukutani miaka yote hiyo.

Carol alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, “Wewe ulilisoma kwenye kamusi, Laslo. Mimi niliitwa.”

Akatueleza mambo ambayo sikuwahi kuyajua. Jinsi alivyokuwa msichana mnene, binti wa mwenye karakana, na jinsi watoto wa shule walivyoiokota lebo ya baba yake yenye neno hilo na kumbandikia mgongoni, akatembea nayo kutwa bila kujua. Nilimwona Laslo akikunjamana usoni kama kitambaa kilichotoka majini. Siku ya pili alikuja na kopo la rangi nyeupe. Hakumwambia mtu afanye. Alilifuta neno mwenyewe, kadi moja baada ya nyingine, akisubiri rangi ikauke kabla ya kuitundika. Carol alimtazama, na kadi zikaja Rexdale. Hiyo ndiyo rangi mnayoiulizia.

Ila kompyuta nayo ilikuja, na ilitanua pande zote. Carol aliona kazi inakwenda mbio, akaiacha itanue. Laslo alikuwa amekwisha kuzeeka, anatembelea fimbo, anakuja siku anazojisikia. Mimi nikawa nakata kwa kadi zile nguo chache za wateja wa kuagiza, na zilizobaki tukazipeleka madukani kama mashine ilivyotaka.

Rexdale ndiko wanawake wa kwetu walikonigundua. Wakenya, Watanzania, Wakongo, sare za harusi, magauni ya kwaya. Mmoja wao alikuwa Mama Wambui, Mkenya, mama wa kwaya ya kanisani kwao North York, mcheshi hata ukilia utacheka. Aliwahi kuniambia ana binti mmoja tu. Siku moja alimleta.

“Dada Saumu, huyu ndiye Wambui wangu, ameposwa!” alisema kabla hajavua viatu. “Ona vile amenona! Si hata wewe unaona? Mungu ni mwema!”

Wambui alifumba macho. Alikuwa mwanamke mkubwa, mabega mapana, mikono yenye nguvu, sura nzuri ya mama yake. “Mum, please,” alisema. “Don't start.”

Kama watoto wote waliokulia hapa, alielewa kila tulichosema, hata kile ambacho hatukutaka akielewe, lakini kinachotoka mdomoni kilikuwa Kiingereza. Alisema anataka gauni dogo kuliko mwili wake, kwa sababu atapungua. Lenye mikono mirefu, ya kuficha. Nilimuuliza anakula nini. Akasema matango. Mama yake alipokwenda msalani, aliniambia na lililobaki: gauni likikataa kuingia, hakuna kanisa. Wataweka saini serikalini na mashahidi tu, bila watu.

“Lakini mama yako,” nilisema.

“Auntie, I know.” Alikuwa anaukunja mkoba wake. Kisha akaniambia, kwa Kiingereza cha haraka haraka, kwamba shuleni alikuwa mnene na ilikuwa aibu, kanisani kwa Wakenya alikuwa mnene na ilikuwa sifa, wanamshika mikono na kumgeuza kama wanamnunua. Akasema amechoka kuonwa. Kanisa zima kusimama na kumtazama anatembea, hapana, hawezi.

Mama Wambui alirudi, na nikaona kwamba jambo hilo alikuwa analijua tayari. Alinivuta kando ya mashine. Ucheshi wote ulikuwa umemtoka.

“Akikataa kanisa, dada, sijali watu watasema nini. Wacha waseme. Lakini huyu mtoto nimemlea peke yangu hapa, mimi na mabasi ya Kipling, shift baada ya shift. Kitu kilikuwa kinanishikilia ni hiyo siku. Nicheze nyuma yake akiingia kanisani. Sitaki kitu ingine.”

Niseme ukweli, moyo uliniuma kwa wote wawili, na sikujua la kufanya. Kumshonea gauni dogo ni kumuua, na kumshonea kubwa dhidi ya neno lake ni kumsaliti. Nikamwambia arudi Ijumaa tujaribu tu, kwa marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba kisicho na thamani. Marekani haimfungi mtu. Kisha nikampigia simu Laslo.

Alikuja na fimbo yake na suti yake ya kahawia. Alimpima Wambui kwa mkanda wa karatasi, polepole, bila kumwambia kitu zaidi ya “geuka” na “asante.” Nilimwona Wambui akisubiri namba. Namba haikuja. Nikakata marekani kwa kadi za ukutani tukiwa wote pale, nikaishikiza kwa uzi mrefu, tukamvisha, kioo kimegeuzwa.

“Kazi yako nini?” Laslo akamuuliza, akiwa ameketi.

“Nesi. Nyumba ya wazee, Etobicoke.”

“Unainua watu?”

“Kutwa nzima.”

“Mimi ni mzee,” Laslo alisema. Akaiweka fimbo chini. “Niinue.”

Nilitaka kupiga kelele, uzi ule ulikuwa wa kushikiza tu. Lakini Wambui alishabadilika. Yule msichana aliyekuwa akiukunja mkoba alikwenda zake, akaja nesi. Alitanua miguu, akainama mbele yake, akamwambia, “Weka mikono mabegani kwangu. Tazama mbele. Usinisaidie.” Akampitishia mikono chini ya makwapa, akamwinua yule mzee mpaka akasimama, kwa upole kama anayetoa mkate kwenye tanuri. Hakuna uzi uliokatika. Na mimi, kwa mazoea, nilikuwa natazama chini. Upindo haukutikisika.

“Umeona?” Laslo alimuuliza, uso kwa uso.

“Nimeona nini?”

“Gauni halikujua kama umefanya kazi.”

Nikageuza kioo. Wambui alijitazama muda mrefu. Akainua mkono mmoja, akaushusha. Akainua yote miwili. Niliona mdomo wake ukitaka kutabasamu na yeye akiukataza. Kisha akaelekeza kidole kwenye kadi mezani, akauliza chini ya rangi kuna nini. Akaipeleka dirishani, akaiinamisha kwenye mwanga, akalisoma neno.

Laslo alimwambia yote: kiburi, ushujaa, askari, fimbo. Macho yalimng'aa kama siku ile aliyonisimulia mimi. Wambui alimsikiliza kwa heshima.

“Babu,” alisema, na hili alilisema kwa Kiswahili, cha kujikwaa, “hiyo neno nilisoma shule. Ni ya wajomba wanapenda kula. Hainisaidii.”

Nilimtafsiria nikidhani mzee ataumia. Alicheka mpaka akashika meza. “Basi liache,” alisema. “Chukua mkato.”

Mlangoni alikuwa amesimama Carol. Sijui alifika saa ngapi. Aliingia, akalishika kwapa la lile gauni la marekani kwa vidole viwili, akalivuta kidogo kama alivyouvuta mkono nilioushona siku yangu ya kwanza. Kuanzia wiki iliyofuata, kompyuta ilianza kufundishwa zile kadi. Na Carol akaniomba nimshonee gauni. La kijani.

Gauni la Wambui nililishona kwa mikono yangu, la mwili wake, bila mikono mirefu. Alikuja kulichukua akiwa amekula, maana alikuwa na harufu ya chipsi, na nilimpenda zaidi kwa hilo. Lakini kuhusu kanisa alikuwa amemwambia mama yake sentensi moja tu: “Nitafika mlangoni. Kutoka hapo, siahidi kitu.” Mama Wambui alinipigia simu kila jioni kunirudia sentensi hiyo, kana kwamba mimi ningeweza kuirefusha.

Siku yenyewe tulikaa mwisho wa benchi, kando ya njia ya katikati: mimi na hijabu yangu ya harusi, Carol na kijani chake, na Laslo ukingoni kabisa, suti ya kahawia. Kwaya ikaanza. Milango ikafunguliwa. Kanisa zima likasimama na kugeuka.

Wambui alikuwa pale mlangoni. Amependeza, wallahi, sina neno lingine. Wasimamizi walikwisha kuingia wakicheza, wimbo unakwenda, zamu ni yake, na yeye hakusogea. Nyuma yake niliuona uso wa mama yake. Kwaya ilirudia kiitikio. Ikarudia tena. Watu wakaanza kutazamana, na mimi nikauona mguu wake mmoja ukirudi nyuma.

Wakati huo huo Laslo alikuwa anahangaika kusimama. Alikuwa wa aina hiyo, bibi harusi akiingia unasimama. Alishika benchi la mbele, magoti yakakataa. Nikamshika mkono, Carol akamshika mwingine, tukamvuta vibaya, fimbo ikaanguka sakafuni kwa kishindo na kila mtu akageuka kututazama sisi.

Wambui pia alitazama. Alimpa mama yake maua. Akaja, hachezi, hatabasamu, anatembea ule mwendo wa nesi aliyesikia kengele, moja kwa moja katikati ya kanisa mpaka kwenye benchi letu.

“Mwachilieni, mtamuumiza,” alituambia. Akatanua miguu ndani ya lile gauni jeupe, akainama. “Babu. Mikono mabegani. Tazama mbele.”

Akamwinua.

Vigelegele vikalipuka kutoka kila upande. Mpaka leo Carol anaapa kwamba mzee alijifanya. Mimi nilimshika mkono ule, na najua hakujifanya. Wambui aligeuka, akaona alipo: nusu ya njia ameshaimaliza, mlango uko mbali, watu wote wamesimama wanamtazama, na hakuna lililotokea. Akaanza kucheka. Akainua mikono yote miwili juu, kama alivyofanya mbele ya kioo, na kwaya ikaudaka wimbo upya. Mama yake alikuja nyuma yake akicheza, maua yamebanwa kwapani, analia waziwazi, na alicheza hatua zote alizokuwa akizihesabu kwenye yale mabasi.

Laslo alikuwa bado amesimama, amenishika bega. Alikuwa amefunikwa uso begani kwa Wambui wakati anainuliwa, na macho yake hayakuwa mazuri tena. Alinivuta karibu.

“Samu,” alininong'oneza kwa wasiwasi. “Upindo. Ulipanda?”

“Haukupanda, mzee,” nilimwambia. “Hata kidogo.”